Najua do re mi, ila nikipewa wimbo mpya namsubiri jirani aanze

Swali: Mwalimu, shikamoo. Naimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi, mwaka wa sita sasa. Do re mi nazijua, napanda na kushuka bila shida, na herufi za solfa kwenye karatasi nazitambua zote. Lakini mwalimu akigawa wimbo mpya na kusema "haya, tusome," nabaki kimya mpaka dada aliye pembeni yangu aanze, ndipo namfuata. Sasa tumepata mwalimu mwingine kutoka Arusha, yeye anatuletea nota za mistari mitano, na nusu ya kwaya tumepotea kabisa. Nianzie wapi? Niache solfa nijifunze mistari? Ni lazima ninunue kinanda? Na kwa umri wa miaka 41, bado inawezekana? (Mama wa watatu, Pasua)

Marahaba, mama. La umri tulimalize kwanza maana ni jepesi: inawezekana. Sikio lililoimba kwenye kwaya miaka sita limeshahifadhi mengi ambayo kijana anayeanza leo hana. Kazi iliyobaki ni kuyaunganisha hayo na karatasi.

Hilo la kumsubiri jirani liko katika kwaya nyingi huku kwetu. Mwalimu anaimba mstari, sauti ya pili wanarudia, wanarudia tena, mpaka umekaa. Jumapili wimbo unatoka vizuri na hakuna anayelalamika. Wimbo unaofuata mnaanza upya kabisa, kwa kuwa mlichofundishwa ni wimbo, hamkufundishwa kusoma. Tena ukisikiliza kwa makini utaitambua kwaya ya namna hiyo hata ukiwa nje ya kanisa: sauti za ndani zinaingia zimechelewa kidogo, kama nusu pigo hivi, kwa sababu watu watatu wanamsubiri mmoja.

Sasa tuje kwako. Unasema unapanda na kushuka bila shida. Ninakuamini, ila humo humo ndimo tatizo lilimojificha. Ukiimba do, re, mi, fa, so, la, ti, do kwa mfululizo, kila nota unaipata kwa sababu iliyotangulia imekusogeza hadi mlangoni pake. Nyimbo haziendi hivyo. Jipime sasa hivi, hata kama uko jikoni. Imba do yoyote inayokukaa vizuri kooni. Nyamaza kidogo. Kisha imba la, moja kwa moja, bila kupita re, mi, fa, so hata kimoyomoyo. Rudi do. Imba fa. Rudi do. Imba ti ya chini. Kama ulilazimika kupanda kimyakimya ili uifikie la, basi umeshapata jibu la kwa nini wimbo mpya unakuacha: wewe bado unahesabu ngazi, na mwongozaji ameshafika kipande cha tatu.

Ninachotaka ukitoe hapa leo ni kimoja: kila nota itafute kutoka kwa do, usiitafute kutoka kwa nota iliyotangulia. Katika ufunguo wowote, yaani popote do inapowekwa, kila nota ina tabia yake mbele ya do, na tabia hiyo haibadiliki. So imetulia, unaweza kukaa juu yake muda wote unaotaka. Ti haina subira, inataka kwenda do. Fa inaegemea chini kwa mi. Re iko njiani, haijaamua kupanda au kushuka. Ukishaizoea sura ya kila moja, kuruka kutoka la hadi re hakukuhitaji hesabu yoyote. Unajua la ikoje na unajua re ikoje. Faida kubwa zaidi inaonekana unapokosea. Anayepima umbali kutoka nota hadi nota akikosa moja, zote zinazofuata zinaharibika. Anayeishika do akikosa moja, inayofuata anaipata.

Kuna walimu wanaofundisha kukumbuka umbali kwa mianzo ya nyimbo maarufu: ruko hili ni mwanzo wa wimbo fulani, ruko lile ni wa wimbo mwingine. Siwapingi, kwa mtihani wa nadharia inasaidia. Ila ndani ya kwaya, mapigo yakiwa yanakimbia, hakuna nafasi ya kukumbuka wimbo mwingine ili uimbe huu ulio mkononi.

Anza na tatu tu: do, mi, so. Ziimbe kwa mpangilio wowote isipokuwa ule uliouzoea. So, do, mi. Mi, so, do. Ongeza so ya chini. Kaa hapo mpaka uchoke, kisha ongeza re na la. Hizo tano, do, re, mi, so, la, zitakushangaza: nyimbo nyingi za asili zinatembea humo humo bila kugusa fa wala ti, kwa hiyo sikio lako linazijua tangu utotoni. Fa na ti ziingize mwisho, na uziingize kwa heshima. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, hatua ni nusu toni, yaani hatua ndogo. Hatua nyingine zote ni toni nzima. Anayeimba mi na ti kwa uvivu, chini kidogo ya mahali pake, ndiye anayeishusha kwaya nzima, halafu kinanda kikigongwa mwishoni mnakuta mko chini kuliko mlikoanzia.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halina sauti. Imba do, kisha mi uiimbe kichwani tu, kimya, kisha so uitoe kwa sauti. Ikitoka sahihi, basi ulisikia mi ingawa hukuiimba. Endelea hivyo ukinyamazisha nota mbili, halafu tatu. Kusoma papo hapo ni hilo hasa: nota isikike ndani kabla mdomo haujafunguka. Kwenye kosta ya Arusha una saa nzima na zaidi umekaa tu. Fungua nota kwenye simu uzisome kimya, pigo ukilihesabu kwa kidole pajani. Abiria wenzako hawatajua.

Kuhusu ishara za mikono (do ngumi, mi kiganja kimelala, so kiganja kimekuelekea, ti kidole kimeelekea juu, na kadhalika), ukiwa na mtu wa kukufundisha zitumie. Zinasaidia hasa watoto. Peke yako si lazima.

Sasa tuchukue mstari mmoja, nimeutunga sasa hivi ili usiwe umewahi kuusikia. Usiuombe sauti kwa mtu.

Do = F, mapigo matatu
| s, : d : m | s : – : m | f . m : r : t, | d : – : – |

Kabla ya kuimba chochote, soma mapigo peke yake. Wengi wanadhani wanashindwa sauti kumbe wanashindwa mapigo. Wanapotea kwenye muda, ndipo sauti nayo inapotea. Piga paja kwa mwendo wa polepole usiobadilika, na badala ya majina ya nota sema "ta". Nukta pacha inatenga pigo na pigo. Mstari wa wima unafungua kipande kipya, na pigo linaloufuata ndilo lenye uzito. Kistari kinasema endelea na nota uliyo nayo, usipumue. Nukta moja ndani ya pigo, kama pale kwenye f . m, inaligawa pigo nusu kwa nusu. Pigo likiwa tupu kabisa, hapo ni kimya. Kwa hiyo: ta ta ta, taa-a ta, ta-ta ta ta, taa-a-a. Rudia mpaka mkono usisite.

Kisha tafuta do. Gonga F (herufi kubwa kama C, F na G ni majina ya vibonye vya kinanda) kwenye programu ya kinanda ya simu, mara moja tu, uiweke simu mbali. Imba do, mi, so, mi, do, so ya chini, do. Huko ni kujenga nyumba kabla ya kuingia ndani. Sasa soma. Ule mkato mdogo chini ya s unaonyesha ni so ya chini. Ukiwa juu ya herufi ingekuwa ya juu. Kipande cha kwanza na cha pili umeshavifanyia mazoezi, ni do, mi na so tu. Kipande cha tatu ndicho chenye mtego. Fa, mi, re zinashuka kwa utaratibu, na koo likishashuka hivyo linataka do kwa nguvu zote. Karatasi inasema ti ya chini. Hapo ndipo sauti ya pili yote inaimba do, halafu inaimba do tena kwenye kipande cha mwisho, na hakuna anayeelewa kwa nini utamu umepotea. Anayesoma kutoka kwa do hapati shida: ti iko nusu toni chini ya nyumbani, anaigusa, anarudi.

Ukikosea katikati, usisimame. Najua inauma. Lakini tabia ya kusimama, kusema "samahani" na kurudia ndiyo inayoua usomaji, kwa sababu kwenye kwaya hakuna atakayekusubiri. Achia nota iliyoharibika ikaharibike, mkono uendelee kupiga pigo, ingia kwenye pigo la kwanza la kipande kinachofuata. Marekebisho baadaye.

Haya, mistari mitano. Uliuliza uache solfa ujifunze mistari. Hapana. Swali lenyewe linatokana na mazoea yetu ya kudhani kuna nota za wasomi na nota za watu wa kawaida. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliwapa waimbaji wake silabi ut, re, mi, fa, sol, la kutoka kwenye utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao mistari yake sita ya kwanza kila mmoja unaanza nota moja juu ya uliotangulia. Alitaka waweze kuimba wimbo ambao hawajawahi kuusikia. Ut baadaye ikawa do, na nota ya saba, iliyoitwa "si", ikaongezwa. Na ni huyo huyo Guido aliyeeneza kuandika nota juu ya mistari. Vitu hivyo viwili vilitoka darasa moja. Herufi tupu tunazozitumia kwenye kwaya zetu ni za Uingereza, karne ya 19: Sarah Glover, mwalimu wa mji wa Norwich, alianzisha, na ndiye aliyeigeuza "si" kuwa ti ili kila nota iwe na herufi yake ya kwanza isiyogongana na nyingine, kisha mchungaji John Curwen akaziboresha na kuzisambaza. Wamisionari wakazileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 ule wimbo ambao sauti yake leo ni wimbo wetu wa taifa, aliuandika kwa solfa. Kwa hiyo mtu akikudharau kwa kusoma herufi, mwache.

Hata hivyo mistari jifunze, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho herufi hazionyeshi: sura. Unaona kwa macho wimbo unapanda au unashuka, unaruka au unatembea, na unaiona sauti ya kwanza juu yako na ya nne chini yako. Tena ukiwa na solfa kichwani, nusu ya kazi imekwisha. Kinachobaki ni kuipata do.

Ipate hivi. Mwanzoni mwa mistari, baada ya ile alama kubwa iliyojikunja, tazama shapu (♯, alama ya kupandisha nota nusu toni) au flati (♭, ya kuishusha nusu toni). Shapu ya mwisho upande wa kulia imekaa mahali pa ti, basi do iko hatua moja juu yake. Flati ya mwisho imekaa mahali pa fa. Hesabu kushuka, fa, mi, re, do. Zikiwa flati mbili au zaidi kuna njia fupi: ya pili kutoka mwisho iko mahali pa do yenyewe. Hakuna shapu wala flati? Do ni C. Shapu moja, G. Flati moja, F.

Turudi kwenye mstari wetu wa Do = F. Flati yake moja imekaa kwenye mstari wa katikati, hiyo ni fa. Shuka: mi nafasi ya pili kutoka chini (nafasi ni uwazi kati ya mstari na mstari), re mstari wa pili, do nafasi ya kwanza. Sasa tazama jambo zuri: do iko kwenye nafasi, na mi na so ziko kwenye nafasi mbili zinazofuata juu yake. Ni hivyo daima. Do ikikaa kwenye nafasi, mi na so ziko kwenye nafasi. Do ikikaa kwenye mstari, mi na so ziko kwenye mistari. Macho yako yakishazishika tatu hizo, zilizobaki zinajaza katikati. Ti ya chini iko kwenye mstari wa chini kabisa, na so ya chini iko chini zaidi, kwenye kimstari kidogo cha peke yake. Nota nyeusi yenye mkia ni pigo moja, nyeupe yenye mkia ni mawili, nyeupe ikiwa na nukta pembeni ni matatu, na nyeusi mbili zilizofungwa pamoja kwa juu ni nusu nusu. Chukua penseli, andika herufi za solfa chini ya nota za mistari za wimbo mmoja mzima. Wimbo wa pili andika do peke yake kila inapotokea. Wa tatu usiandike kitu. Ukiendelea kuandika herufi kila wimbo, macho hayatajifunza; utakuwa kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma ba, be, bi kwa kidole hadi anafika la saba.

Tahadhari moja ukijifunza kwa video: Ufaransa na Italia do ni C siku zote, haihami. Yetu inahama. Ukichanganya hizo mbili mwanzoni utachanganyikiwa bure. Mpiga kinanda wenu anayebonyeza kitufe cha kuhamisha ufunguo ili apige kila wimbo kwa vidole vilevile anafanya kwa mashine kile ambacho do inayohama inakufanyia wewe kichwani.

Mahali pazuri pa kufanyia mazoezi ni kitabu cha nyimbo chenye nota, zile za zamani zenye asili ya Ujerumani ambazo Walutheri wa huku wameziimba tangu enzi za wamisionari wa Leipzig. Sauti nne zinatembea pamoja, mapigo ni ya wazi, na sauti ya pili mara nyingi inasogea hatua moja moja. Chagua usiyoijua. Soma sauti yako, kisha soma ya nne, ambayo inaruka zaidi. Nyimbo za kisasa zenye maneno mengi yaliyobanwa ndani ya pigo moja ziache kwanza. Na maneno yaje mwisho kabisa: solfa kwanza, kisha "la la la," ndipo maneno. Ukianza na maneno, akili yote inakwenda huko.

Utakutana na herufi ngeni: fe, ambayo ni fa iliyopandishwa nusu toni, na karibu kila mara inakwenda so, ta, ambayo ni ti iliyoshushwa, na mara nyingi inashuka la. Katika nyimbo za huzuni ambazo nyumbani kwake ni la, utaiona se, yaani so iliyopandishwa, ikiivuta la kama ti inavyoivuta do. Ukiona herufi mbili zimebanana, moja ndogo na moja kubwa, ufunguo unahama: ndogo ni jina la zamani la nota hiyo, kubwa ni jina jipya, sauti ni ileile. Shika jina jipya, sahau lililopita.

Kinanda usinunue kwa ajili ya hili. Simu inatosha kukupa do. Ukiwa na kinanda utaanza kukigonga kabla ya kuimba, na hapo utakuwa umepata jirani mwingine wa kumfuata. Afadhali ujirekodi kwa simu ukisoma, kisha ndipo ugonge nota uone ulipokosea. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi, na utegemee miezi kadhaa, si wiki. Ukifika mahali unataka kwenda mbele zaidi, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinafundisha muziki hadi shahada.

Kwa mwalimu wenu mpya ombeni mambo mawili. Atume picha ya nota kwenye WhatsApp siku mbili tatu kabla ya mazoezi. Na siku ya mazoezi awape do, awaache msome wimbo mzima mara moja bila kinanda na bila kuwasimamisha, hata mkiharibu, ndipo arekebishe. Wewe mwenyewe hamia mwisho wa safu ya sauti ya pili, upande unaopakana na sauti ya tatu, dada yako uliyezoea kumfuata abaki mbali. Wiki mbili za kwanza zitakuwa ngumu.